Vinundu vya Mkasi

Duka la Ushonaji,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho,
S.L.P. 418.
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Mbio,

Habari za huko? Shemeji hajambo? Na binti yenu, yule wa maswali mia kabla ya chai? Mimi mzima, Mama naye mzima ila magoti yanamsumbua, na dada yetu Bonge ni mzima kuliko sisi sote, jambo ambalo limeniuma kidogo na utaona kwa nini.

Najua umeshtuka kupata barua badala ya simu. Tulia, hakuna msiba. Nimeandika kwa sababu kwenye simu kila nikigusa habari za afya unaniambia umekimbia kilomita kumi asubuhi, kisha mtandao unakatika. Mtandao wako una adabu sana, unakatika pale pale unapotaka wewe. Haya, barua haikatiki.

Sasa sikia. Mwezi wa kumi na moja alikuja muuguzi dukani kushonewa sare. Nimeinama nabana pindo kwa pini, mara akanishika mkono akaanza kuutazama. Nikajua nimependwa! Kumbe anaangalia vinundu vyangu vya kwenye vifundo vya vidole. Akauliza vimetoka wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni sugu za mkasi, Baba alikuwa navyo, Ba'mdogo alikuwa navyo, na kwetu fundi asiye na vinundu bado ni mwanafunzi. Akauliza, hao wazee wako wapi? Nikamwambia Baba alianguka kwenye cherehani akiwa na miaka arobaini na mitatu, moyo ukasimama, na Ba'mdogo akafuata hivyo hivyo na arobaini na mitano. Akaniandikia jina la daktari wa moyo nyuma ya karatasi ya vipimo vya sare yake na kuniambia niende wiki hiyo hiyo.

Nikaenda kwa shingo upande, maana unanijua nilivyo mwembamba. Walitoa damu, wakakuta lehemu, yale mafuta mabaya, ni mara tatu ya inavyotakiwa. Wakapima na vinasaba. Ndugu yangu, vile vinundu si sugu hata kidogo! Ni mafuta ya damu yaliyokosa pa kwenda yakajikusanya vidoleni. Tumezaliwa na hitilafu, mwili haujui kuyaondoa, na mishipa ya moyo huanza kuziba taratibu tangu utotoni. Wembamba hauokoi, na mbio peke yake hazitoshi. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi wenye kazi ya nguo ndio tulikuwa wa mwisho kujua.

Sasa Bonge. Unakumbuka miaka yote hiyo tulivyokuwa tunamwondolea nyama kwenye sahani tukaiweka kwenye yangu, eti tunamlinda asitangulie? Amepimwa. Hana! Siku ya majibu alipiga vigelegele pale pale kliniki mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Tangu hapo anakaa ubavuni mwangu wakati wa kula, anahamisha nyama yangu kwenda kwake huku akisema daktari kakataza. Daktari alimwambia naye apunguze uzito, lakini nani ana ubavu wa kumkumbusha?

Mama ndiye aliyenitoa machozi. Kumbe miaka yote hii alikuwa anaamini ni mapishi yake yaliyomuua Baba. Hakuwahi kumwambia mtu. Daktari alipomweleza kwamba Baba alizaliwa nayo, alimwomba arudie, kisha akamwomba arudie tena. Siku hizi anaimba jikoni, na sauti yake bado ni mbaya kama zamani.

Mimi nakunywa kidonge kimoja kila jioni, sigara nimeacha, na dukani naenda kwa miguu. Lehemu imeshuka zaidi ya nusu. Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nilikuwa nimeshakubali kimoyomoyo kwamba nitakufa na miaka ya Baba. Ndiyo maana sikuoa, nanyi mkadhani ni maringo. Sasa daktari anasema nikishika masharti naweza kabisa kuzeeka kama watu wengine. Gauni la yule muuguzi nimelirefusha na kulifupisha mara tatu bila sababu yoyote, na bado anarudi.

Haya, wewe. Mkasi uliukimbia ukaenda kufundisha shule, hujawahi kukata hata mfuko wa suruali. Lakini ulipokuja mwaka jana nilikuona ukivua viatu, una uvimbe mgumu nyuma ya visigino vyote viwili. Ukasema ni viatu vya mbio, nami nikakubali, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba uvimbe ni heshima ya kazi. Daktari anasema ndugu wa damu kama wewe ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na mwenye visigino hivyo asingoje. Una miaka thelathini na saba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwalimu. Ukikutwa nayo, binti yako naye apimwe, maana mtoto akianza matibabu mapema anakua na moyo wake salama. Kukuudhi siogopi. Naogopa kupigiwa simu na mtu nisiyemjua, akaniambia umekutwa kando ya barabara na viatu vyako vya mbio miguuni.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya majibu yangu. Mpe daktari wa huko, atajua aanzie wapi. Nenda wiki hii. Nakuomba sana.

Msalimie shemeji, na binti umbusu. Mama anakusalimu, anasema usipoenda atakuja mwenyewe na magoti yake. Bonge naye anakusalimu, mdomo umejaa.

Jana nilitazama picha zote za ukutani, moja moja. Katika nyumba yetu hakuna mwanamume aliyewahi kuota mvi, wote vichwa vyeusi tii. Mungu akuoteshe wewe, mdogo wangu, kichwa kizima hadi masikioni, na mimi niwepo kukucheka.

Ni mimi nikupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,

Kaka yako, Sindano