Kabla Hawajaigusa Pua Yangu

Mama yangu uliyelala Wamaza,

Leo ni Jumapili, misa imekwisha, nami nimekaa barazani mwa hospitali ya Kasongo na karatasi juu ya mapaja. Kalamu inatoboa karatasi kwa kukosa meza, basi nivumilie. Kesho asubuhi munganga mzungu atanipasua pua. Siumwi, mama, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Ninakula, ninapumua, ninaimba kwaya kuwashinda wenye pua zao nzima. Nilipanda kamiyo, lori la pamba, kwa hiari yangu, nikaja kuomba kisu. Nikifa kesho, watu wa Wamaza watauliza nilikuwa na ugonjwa gani, na shangazi atalazimika kuwajibu kwamba nilikuwa na pua.

Ulizoea kunicheka kwamba naanza kulia kabla sijapigwa. Sijabadilika. Tangu jana chakula hakipiti. Shangazi amenipikia wali na samaki wa kukaushwa, akakaa ananitazama ninavyozungusha tonge, mpaka akala mwenyewe.

Unakumbuka siku ile ya kinu. Mpunga ulikuwa umevunwa, wewe na shangazi mnatwanga kinu kimoja, mchi wako ukipanda wake unashuka, na ule wimbo wenu wa kumsema mwanamke mvivu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando, kazi yangu kuokota punje zinazoruka. Nikaona kijiwe cheupe ndani ya kinu. Wewe ulisimama kufuta jasho, nami nikadhani mmesimama wote wawili, nikaingiza kichwa. Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka ule mlio, na mpunga umegeuka mwekundu, na wewe unasema polepole, "Mutoto wangu, mutoto wangu, mutoto wangu." Na shangazi? Alibaki ameshika mchi wake mpaka jirani alipomnyang'anya.

Kesho yake ukaanza kunikanda. Kwetu kila mtoto mchanga hukandwa pua. Mawese yanapashwa moto, vidole gumba vinashuka kutoka machoni mpaka ncha, kila asubuhi, hadi pua inasimama. Ulikuwa umezikanda za wadogo zangu wote na zilisimama vizuri, watu wakakusifu. Basi ukaona hata hii iliyovunjika ni pua tu, itasikia mkono wako. Nililia, wewe ukalia, ukakanda. "Vumilia, mama," uliniambia, maana nilibeba jina la mama yako na hukuniita vingine. "Vumilia, mama, pua itarudi." Ukakanda mpaka mvua za kwanza. Pua haikurudi. Ililala katikati, ikabaki ncha peke yake.

Shuleni waliniita Kinu. Siku uliyosikia, ulikuja kwa masere, mtawa aliyetufundisha, na jembe begani, umetoka shambani na tope miguuni, ukamuuliza kwa adabu kabisa, "Masere, hapa kunaye mutoto anaitwa Kinu? Mimi nimezaa mutu." Hakuna aliyeniita hivyo tena mbele ya mwalimu. Nyuma ya mwalimu waliendelea, lakini sikukwambia, ungerudi na lile jembe.

Ndipo nilipojifunza kucheka na mkono usoni. Hata kwenye picha ile ya wasichana wa misioni nimefunika pua, na masere alikasirika kwa sababu mpiga picha alikuwa ametoka mbali. Mama, nina miaka ya kuolewa sasa na sijui sura yangu ikicheka ikoje. Ukitaka kujua kwa nini nipo hapa, ni hilo. Watu wanadhani ni kwa sababu ya mwanamume.

Mwanamume yupo, hukuwahi kumwona. Anaitwa Anselmi, ni mwalimu kule Kabambare, mrefu, mpole, anapenda kubishana mambo ya hesabu. Nilipomwambia habari ya munganga alisema, "Mimi nilikuchagua na hii pua. Ukienda kwa ajili yangu, rudi tu. Ukienda kwa ajili yako, nitakungoja." Nikamwambia ni kwa ajili yangu. Sasa nikiwa nimekaa hapa natamani angenikataza, nipate mtu wa kumlaumu.

Kwenye kitanda kilicho jirani na changu kuna mama mmoja wa Kiislamu, Mama Zaituni, mke wa mfanyabiashara wa Kabambare. Alianguka kutoka juu ya kamiyo akavunja pua, munganga huyuhuyu akamtengeneza kiangazi kilichopita, na sasa amerudi aangaliwe. Aisifuye mvua imemnyea, kwa hiyo nilimwambia anieleze yote, asinifiche. Akanieleza, na nadhani alifurahia kidogo kuniona natoa macho.

"Watu wanafikiri ni pua ndiyo itauma," alisema. "Kitauma kiuno. Wanakata mufupa huku kwa nyonga, wanaupandisha juu. Mimi nilitembea kama bata." Akasema nitaamka pua imejazwa vitambaa, nitapumua kwa mdomo na koo litakauka, na macho yatavimba mpaka yafunge. Nisiombe kioo. Sura ya kwanza nitakayoona siyo itakayobaki. Itavimba, itashuka, itageuka tena, na mwaka utapita kabla sijajua nimepewa nini. Nisipenge kamasi. Nisiiname kupuliza moto. Nisibebe mzigo kichwani hata nikitukanwa uvivu. Nisile wala kunywa kitu asubuhi kabla ya dawa ya usingizi, kwa sababu mtu akitapika amelala anaweza kusongwa. Harufu ya chakula itapotea. Yeye alikaa muda mrefu anaunguza mboga bila kujua, mumewe akala kimya kimya kwa huruma.

Halafu akauliza kama nimekunywa dawa yoyote ya miti. Nilikuwa nimekunywa, mama. Shangazi alinichemshia mizizi ya kutia nguvu. Mama Zaituni akaniambia nikamweleze munganga saa ileile, maana miti mingine inafanya damu isikatike. Nikaenda, nikaulizwa mizizi gani, nikawa sijui jina lake kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili, ninalijua kwa Kibangubangu tu. Wakaniambia niache yote, wakanisogeza mbele siku kadhaa. Ndiyo maana bado nangoja.

"Na umuulize kile hawezi," Mama Zaituni alinishika mkono. "Kile anaweza, atakuambia mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki." Pua yake yeye, nikuambie ukweli, ni nzuri, ila imeegemea kushoto kidogo. Anasema zamani iliegemea kulia, basi ni mabadiliko.

Nikamuuliza munganga. Ni mtu wa ndevu nyekundu, Kiswahili chake ni kile cha kuamrisha wapishi, lakini hakunificha. Alisema anaweza kuinua, hawezi kurudisha ile niliyozaliwa nayo. Alisema tundu moja linaweza kubaki dogo, mfupa unaweza kukataa kushika, ikabidi kukata tena. Alisema wengi huamka na wachache hawaamki. "Hii hapana ugonjwa," akasema. "Hapana lazima. Unaweza kurudi nyumbani." Nikasema nitakaa. Sauti iliyosema hivyo sikuitambua.

Sasa nifike pale ninapokimbia tangu mwanzo wa barua hii.

Alinishika pua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza iliumiaje. Nikamweleza habari ya mchi. Akatikisa kichwa. "Mchi vunja tu. Mutu nani sukuma mifupa kila siku? Pua vunjika, acha, inashika yenyewe. Hii nani sukuma chini?" Mama, nilimwelewa upesi kuliko nilivyotaka. Nikamwambia sijui, nilikuwa mdogo.

Sikukasirika, niamini. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta, nikakuona wewe unalia huku unakanda. Nilichohisi ni kwamba nimekukuta ukiwa uchi na sina nguo ya kukufunika. Kisha nikamwona shangazi kule jikoni kwa wauguzaji, anapuliza moto, na hapo moyo ukaniuma kweli. Miaka yote hii pua yangu imekuwa kesi yake. Kwenye harusi mtu akilewa anamtania, "Mama Mchi, watoto wasogee?" Yeye hutabasamu. Tangu siku ile hakutwanga tena na mwenzake, hutwanga peke yake alfajiri. Na mimi sikupenda kukaa karibu naye, hilo unalijua.

Nikawaza, nikiingia kule kesho na nisitoke, shangazi atabeba lawama mbili za pua moja, ya kuivunja na ya kufa kwangu. Lakini nikimwambia, nakutoa wewe kaburini nikuweke mbele ya watu. Marehemu hasemwi, ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe. Nimeanza barua hii ili nikuombe ruhusa.

Nilikuwa nimefika hapo, shangazi akaja na maji ya kunawa. Aliniuliza ninamwandikia nani. Nikasema mama. Akacheka kidogo, akaketi. Nikamwambia yote, mama. Sikungoja ruhusa yako. Nilimwambia alichosema munganga, mchi na mikono, vyote.

Aliyasogeza maji ya kunawa kando. Halafu akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajua tangu lini. Akasema tangu wakati uleule. Muuguzi wa zahanati alipita kijijini kuchanja watoto, akaniona, akamwambia shangazi nyuma ya mgongo wako kwamba kukandwa ndiko kunaharibu. Shangazi akaja kukuambia uache. Ukamfukuza. Ulimwambia mtu aliyevunja hana haki ya kumfundisha anayetengeneza. Basi akanyamaza.

"Mbona hukusema baadaye?" nikamuuliza. "Hata alipokufa?"

"Ungemuchukia nani?" akasema. "Shangazi anaweza kuchukiwa. Mama, hapana. Ulikuwa mutoto, ulihitaji mama wa kulilia."

Niliweka kichwa begani pake, kitu ambacho sijakifanya tangu ile siku ya kinu, na yeye akakaa wima kabisa, hakusogea, kana kwamba ningestuka. Ananuka moshi na sabuni. Mama Zaituni alitutazama kupitia dirishani, kisha akageukia ukutani, na kwa mama mpenda habari kama yule hiyo ni heshima kubwa.

Kwa hiyo amejua siku zote, na wewe pia, nadhani, mwishoni ulijua. Ile homa ilipokuzidi ulinigusa uso, ukapitisha kidole kimoja tu, kwa wepesi sana, ukakitoa haraka. Nilidhani ni udhaifu wa ugonjwa. Kama ulikuwa unaomba msamaha, mama, basi umesamehewa. Kama hukuwa unaomba, umesamehewa vilevile.

Bado ninaogopa. Nilidhani nikisema ukweli hofu itatoka, haikutoka. Shangazi amesema nikitaka tuondoke leo, atafunga vitu na hataniuliza neno. Amesema pia kwamba nikiingia atakaa mlangoni, na muuguzi atakayemwambia asogee atajuta. Nimemwambia tunakaa. Nataka kucheka, mama, na mikono yote miwili iko chini.

Kuna jambo moja tu lililobaki linaninyima raha, na hakuna munganga wa kumuuliza. Wewe ulinijua kwa pua hii. Siku nitakayokuja huko, kesho au nikiwa nimezeeka na meno yamekwisha, utakuwa unatazama wanaoingia mmoja mmoja, unanitafuta, nami nitapita na pua ya watu wengine mbele ya macho yako. Basi usihangaike kunitafuta, mama. Kaa hapo ulipo. Nitakuita mimi.

Lala salama,
Binti yako mkubwa