Kagwiria, Uliyeomba Bila Kufumba Macho

Mpendwa mdogo wangu Kagwiria,

Nimekuonea wivu tena jana. Umelala chini ya udongo tangu mvua za mwaka jana, na mimi, mama mzima, mwenyekiti wa akina mama kanisani, bado nina kijicho na marehemu. Nakueleza wewe kwa sababu nikimweleza mwingine ataniombea, na sitaki kuombewa na mtu anayefurahia moyoni.

Unakumbuka tulivyokuleta hapa kwangu, huku juu ya mji wa Maua? Miguu yako ilikuwa imekukataa, na mume wako akakukataa pamoja nayo. Nilikupa chumba cha mbele kwa roho safi, Mungu ni shahidi. Kanisani walinipongeza, nami nikapongezeka. Nilidhani utakaa kitandani, wageni waje wakuone, na waone pia ninavyokutunza.

Wiki ya pili ukaomba upelekwe bandani nyuma ya nyumba, uwasaidie wafanyakazi wa mume wangu, Baba Mwenda, kufunga miraa. Mimi nimekula jasho la miraa hiyo tangu niolewe, lakini sikuwahi kuketi katika lile banda. Nilikuwa nikisimama mlangoni, nikiwahubiria wanaume waache kutafuna, kisha narudi jikoni kwangu. Nikakuuliza, "Watu wa kanisa watasema nini?"

"Watasema nimepata pa kukaa," ukajibu, ukacheka.

Baba Mwenda akakubeba, akakuweka kwenye kigoda katikati yao. Vidole vyako vilijifunza haraka: matawi yalinganishwe urefu, yakazwe kwa kamba ya mgomba, yafunikwe kwa majani yasinyauke, yote kabla ya pikapu ya saa saba. Na ulipoombwa uombe, hukufumba macho. Uliendelea kufunga mabunda huku ukiongea na Mungu, kana kwamba ameketi upande wa pili akifunga yake. Nilikukemea. "Dada, Mungu anajua gari haingoji," ukaniambia. Lakini hata yule dereva, Mwislamu wa mjini, alikuwa akizima injini hadi useme amina. Ndiyo hiyo gari isiyongoja.

Sasa nije kwa mume wangu. Miaka kumi na saba nilimwombea. Nilifunga kila Jumatano. Nilimwachia Biblia wazi kando ya chai yake, naye akaisogeza apate pa kuweka kikombe. Wewe ulimuuliza tu, kila asubuhi alipokubeba: "Shemeji, leo nikuombee nini?" Mwanzoni alikufanyia mzaha: "Ombea mvua." Baadaye ikawa mgongo wake. Mimi nalala naye kitanda kimoja na sikujua kwamba mgongo unamuuma. Kisha siku moja, nikichambua maharagwe chini ya dirisha, nikamsikia akikwambia polepole, "Leo niombee mimi mwenyewe."

Jumapili hiyo alisimama kanisani, akiwa na shati nililolipiga pasi kwa mikono yangu, akasema, "Aliyenionyesha Yesu ni Kagwiria." Nilipiga makofi kuliko watu wote. Nyumbani nikashindwa kula.

Jumatatu nikakuhamisha. Nilisema vumbi la banda litakuharibia kifua, nikakuweka veranda ya mbele, peke yako na kuku. Vumbi gani, na matawi yale hufika bado yana umande? Ulijua. Ukasema tu, "Huku kuna jua zuri, dada." Majuma matatu ulikaa kwenye jua hilo. Kisha homa ikakushika na hukukirudia kigoda chako tena. Laiti ungenigombeza, ningekuwa na neno la kukujibu.

Basi jana nilipeleka chai bandani. Mutwiri, mchumaji wetu, alikuwa akichungulia barabarani kila mara. Mkewe alikuwa amepelekwa kujifungua kwa upasuaji, naye anangoja pikapu imteremshe hospitali.

"Mama Mwenda, kaa hapo utuombee," akasema. "Bibi yangu ako hospitali, hata sijui kama ako sawa. Lakini usifunge macho, gari iko karibu."

Pa kukaa palikuwa kigoda chako tu. Hakuna aliyekikalia tangu uondoke. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na magoti yangu yalilia nilipoinama. Wakaniwekea matawi mapajani. Bunda langu lilitoka kombo, na maneno yangu yote ya kanisani yakanikimbia. Nilimtaja tu yule mama, nikamtaja mtoto, nikamtaja Mutwiri. Na kwa kuwa macho yalikuwa wazi, nikamwona mume wangu akiomba. Tangu aokoke tunaketi bega kwa bega kila Jumapili, lakini mimi hufumba macho. Sikujua kwamba midomo yake hutetemeka kama ya mtoto anayejifunza kusoma. Sikujua kwamba yeye pia hafumbi macho. Alikuwa ananitazama mimi.

Wewe ulimwona hivyo kila siku, Kagwiria. Hapo ndipo wivu ulipoanza upya.

Mtoto wa Mutwiri ni msichana, na mama yake yu salama. Wamempa jina lako. Mimi ndiye niliyemwombea, nikiwa nimevunjika mgongo kwenye kigoda kile, na jina umelichukua wewe. Nilipoambiwa nilinuna, kisha nikaanza kulia, na Baba Mwenda akaniuliza aniombee nini. Nikamwambia, "Niombee ile veranda." Alielewa. Nadhani alielewa tangu siku ile.

Nisamehe, mdogo wangu. Matawi yamefika na wananiita huko nyuma. Pumzika.

Ni mimi dada yako, niliyekuweka juani.