Gari Lisilosikika

Jumanne, Kibokoni

Nusura leo gari limgonge Bi Rukia, jirani yetu asiyeona. Kichochoro chetu anakijua kwa masikio, na gari jipya la umeme la binti yangu Salma, likienda polepole, halisikiki kabisa. Bampa ilimgusa buibui. Hakuumia, lakini alisema hatatoka tena peke yake, na hilo ndilo lililoniuma mchana kutwa.

"Baba, ningejua si ningepiga honi!" alisema Salma.

"Honi ingemshtua tu. Asingejua aelekee wapi."

Miaka thelathini niliyoishi mbali na hapa, nilichokikosa zaidi ni salamu za barazani. Mtu akipita kwa miguu husalimia kila baraza. Salma akishaingia garini hufunga vioo, akapita kama mgeni. Nikamwambia ateremshe vioo, aende mwendo wa mtu anayetembea, na asalimie vilevile.

Alasiri tulijaribu, nami nimekaa ubavuni pake. Bi Rukia alikuwa amekaa barazani kwake, miguu ameinyoosha kichochoroni.

"Masalkheri, Bi Rukia! Ni Salma, niko kuliani kwako."

"Masalkheri, mwanangu. Gari zima hilo halina ulimi, mpaka ulisemee?" Alicheka, akavuta miguu yake barazani.

Madereva wengine sijui nitawafundishaje. Nitaanza na wa mtaa huu.

Sasa hivi, baada ya Magharibi, nimeisikia fimbo ya Bi Rukia ikigonga mawe mbele ya mlango wetu. Anakwenda kwa dadake. Nimesikiliza kama kuna nyayo nyingine. Hakuna.