Mkono wa Mpigaji

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika! Fundi ameshinda nayo asubuhi nzima katika chumba changu cha lishe hapa klabuni, akiifunga na kuifungua. Unapanda pekupeku, unashika vishikio viwili, unatulia kama unapigwa picha ya pasipoti. Basi, inakutajia mafuta, maji, misuli. Kila mkono peke yake, kila mguu peke yake. Lakini kibano changu cha kupimia mafuta sikiachi. Hii mashine ukinywa maji tu inakudanganya.

Wachezaji wote wa timu yetu ya wavu wamepanda. Kelele kama mnadani. Nahodha ameambiwa mwili wake una umri wa miaka arobaini na moja. Kashuka kanuna, kasema irudishwe ilikotoka!

Shemeji kapanda mwisho. Ni mdogo wake mume wangu na tunaishi naye nyumba moja, lakini hapa kazini namwita Nyundo kama wengine. Mkono wake wa kulia ukishuka na mpira, wale wa ng'ambo ya wavu wanafumba macho. Kocha anataka apungue kilo tatu ili aruke zaidi. Wateuzi wa timu ya taifa wanakuja Aprili.

Kitu kimoja tu. Mashine imesema mkono wake wa kulia una misuli kidogo kuliko wa kushoto. Mpigaji! Nimempandisha tena — vilevile. Labda bado haijazoea watu.

Alhamisi, 13 Machi

Kilo mbili zimeondoka. Kocha kampigia makofi mbele ya wote: mnaona nidhamu?

Mimi nikachukua kibano. Tumboni, mgongoni, nyuma ya mkono, pajani. Mafuta yako palepale. Sasa kilichopungua ni nini?

Nikamvuta kocha pembeni. Nikamwambia hizi kilo si za mafuta. Akanijibu kwamba uzito ni uzito, dada, mizani haina siasa. Akaondoka anapuliza filimbi.

Nimepima mikono kwa futi kamba pia. Wa kulia mwembamba. Hapo siwezi kuisingizia mashine.

Nyumbani nimemkaangia mayai manne. Kayamaliza, kaulizia mkate. Mume wangu anacheka: huyu anakula kama mashine ya kusaga, unamhurumia nini?

Jumapili, 16 Machi

Joto. Shemeji amejilaza kwenye kochi kifua wazi, anatazama mechi. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaliona bega lake.

Hakusogeza mkono. Lakini chini ya ngozi kitu kilikuwa kinatembea. Hapa, kisha pale, kisha hapa tena — kama matone ya mvua yanavyopiga dimbwi. Nguo ikanitoka mkononi.

Nikamuuliza, akacheka. "Jicho likicheza unapata mgeni, shemeji. Bega likicheza je? Timu ya taifa hiyo!"

Linauma? Haliumi. Limeanza lini? Hakumbuki. Kabla ya mwaka mpya, labda.

Sikuipenda ile "labda".

Jumatatu, 31 Machi

Vipimo vya mwisho wa mwezi. Uzito umeshuka tena, mafuta hayajagusika. Kocha anapita anapiga mluzi.

Nilimbakiza Nyundo wenzake walipotoka. Nikamwambia aweke viganja mezani. Pale kati ya kidole gumba na cha shahada, penye kinyama, upande wa kulia pamebonyea. Nikaweka changu kando ya chake. Changu kimejaa — mimi ambaye kazi yangu nzito ni kushika kalamu!

Nikamwambia twende kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akauondoa mkono haraka, akautia mfukoni.

"Baada ya uteuzi, shemeji. Nakuomba."

Kocha kumbe alikuwa mlangoni. Akaja juu. Eti namtia kijana nuksi, eti ukimwambia mtu mzima anaumwa, ataumwa kweli. Nikabaki nimekaa, mkono wangu bado uko mezani.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemweleza mume wangu wakati wa chai. Yote: misuli, bega, kiganja. Aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema mwache acheze, wiki mbili si kitu, hii nafasi ameililia tangu suruali zinampwaya. Halafu akaongeza, kwa upole — na upole ndio ulioniumiza — kwamba mimi si daktari.

Kweli. Mimi ni mtu wa lishe.

Nimekubali. Jina la ugonjwa ninaouwazia, ule unaokausha misuli mmoja mmoja hadi ulimi na hauna dawa, nalijua, nimelisoma darasani. Silisemi. Hata hapa silitaji. Huenda nimekosea! Watu hukosea kila siku.

Jumamosi, 12 Aprili

Uteuzi.

Seti ya kwanza alikuwa Nyundo yule yule. Ukumbi ulitetemeka. Nikaanza kujiona mjinga, na nikafurahi kuwa mjinga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Seti ya pili akaruka, mpira umewekwa vizuri, wapinzani wamejikunyata. Mkono ukashuka — polepole. Mpira ukaangukia nyuma ya mikono yao kama yai. Pointi! Watu wakalipuka wakidhani amewahadaa. Wateuzi wakatikisa vichwa: kijana ana akili.

Mimi nilikuwa naangalia uso wake. Aliutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

Akafanya hivyo tena, na tena. Wanashangilia tu.

Amechaguliwa! Wamembeba juu juu. Kocha kanikumbatia: unaona sasa? Mume wangu alikuwa analia waziwazi. Ikaja karatasi ya kutia saini. Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Wakacheka, wakasema supastaa ameanza madaha.

Hata yeye alicheka.

Jumapili, 13 Aprili

Kaja jikoni wenzetu wangali wamelala. Hakunisalimu. Kasimama karibu na friji, mkono mfukoni.

"Shemeji, nipeleke."

Basi.

Jumatano, 23 Aprili

Hospitali. Ndiyo siku ya mapema tuliyoipata. Mume wangu yuko kazini, alisema atakuja. Kocha amepiga simu mara tatu, kambi inaanza Jumatatu. Sijapokea.

Tumeingia pamoja. Daktari ni mwanamke, kijana kuliko nilivyotarajia, mchangamfu. Akatoa kinyundo cha mpira cha kugongea magoti. Shemeji akamwambia mimi pia Nyundo, tusigombane. Wakacheka wote wawili. Akamgonga goti — mguu ukaruka kupita kiasi, ukapiga meza. La pili, vilevile. Hapo daktari akaacha kucheka.

Akamwambia vua shati. Akaangalia mabega, mgongo, mapaja. Alikuwa haandiki. Anaangalia tu. Nilimpa vipimo vyangu vyote, akavisoma vizuri, akaniuliza vya kwanza vilikuwa vya lini. Nikasema tarehe tatu Machi. Shemeji akageuza kichwa.

Kisha daktari akasema fungua kinywa. Ulimi ubaki humo humo, ulegeze.

Akaushikia tochi muda mrefu. Mrefu mno. Akaenda kumwita mwenzake, mzee wa miwani, naye akainama kutazama. Nami nikachungulia. Ulimi wa shemeji yangu ulikuwa umetulia kinywani, lakini nyama yake ilikuwa inatetemeka — kama maji yanayokaribia kuchemka.

Madaktari wametoka wote wawili, wameurudisha mlango taratibu. Tumebaki sisi.

Amevaa shati, hajalifunga. Kwanza alikuwa anasoma bango la kunawa mikono. Sasa ameniuliza, bila kunitazama.

"Shemeji. Ulijua tangu lini?"

Nimemwambia subiri, naandika maswali ya kumuuliza daktari. Ndiyo haya ninayoandika. Anasubiri kweli. Amesema tena, taratibu, hakasiriki, anataka tu kujua: kabla ya uteuzi au baada?

Nawasikia kwenye korido. Mlango unafunguka. Ni yule daktari. Amekuja na kiti.