Nilikata Kifungo, Nikabakiza Ngumi

Bi Sabiha, mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako haraka, maana mwisho wangu ni Jumapili hii na sina pa kukimbilia.

Mimi ni mwonyesha picha katika ukumbi mmoja wa sinema hapa Tanga, mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika ile miaka ya shida, sabuni hakuna, sukari kwa foleni, picha mpya haziji kabisa, mimi ndiye niliyekuwa nikiunga mikanda ile ile kwa gundi ya kubahatisha ili watu wapate pa kusahau dhiki zao, na tajiri yangu Mzee Amirali na mkewe marehemu Mariambai walikuwa wakija kila Jumapili alasiri, viti viwili vya nyuma karibu na feni, kutazama picha moja ya Kihindi waliyoipenda tangu uchumba wao. Katika picha hiyo mke anamshonea mumewe, ndiye stelingi wa picha, kifungo cha shati, anakata uzi kwa meno, kisha mbele huko stelingi anapigwa na watu saba ghalani, kifungo kinang'oka, kinabingirika sakafuni, anakitazama, na hapo ndipo anapoinuka. Bi Sabiha, ukumbi mzima ulikuwa unasimama! Mariambai alikuwa analia kabla hata ngumi ya kwanza haijarushwa. Siku moja Mzee aliniambia, "Asheri, kupigana kila picha iko. Hii tamu sababu ya kile kifungo."

Sikumsikia. Biashara ilipofunguliwa zikaingia deki za video, kila kichochoro kibanda, vijana wanatazama ngumi asubuhi mpaka jioni, ukumbi wetu ukabaki na popo, na mimi kwa hofu ya kukosa kazi nikachukua mkasi nikakata mapigano yote kwenye picha zote tulizonazo nikayaunga pamoja, ngumi saa mbili nzima, bila kumwuliza Mzee ambaye tangu afiwe alikuwa haji tena. Wiki ya kwanza watu walijaa. Ya pili walipiga miayo. Ilipofika pale ghalani, stelingi akainama kutazama kifungo, watu wakacheka, mmoja akapaza sauti, "Kaangusha nini huyo, pipi?" Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, nikazima mashine.

Vipande vilivyobaki nilivitia gunia nyumbani, bati likavuja masika yote, vimegandana kama mkate. Na juzi Mzee alikuja na mkongojo wake, Jumatatu anahamia Kanada kwa mwanawe, akasema, "Asheri, Jumapili weka ile picha yetu, nikae na Mariambai mara ya mwisho." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Nimejibu ndiyo! Mke wangu Praxeda ananiambia nikaseme kweli, mimi nawaza kusema mashine imeharibika, au nitorokee kwa ndugu zangu Lushoto. Sili, silali. Nifanyeje?

Asheri, Nguvumali, Tanga

*

Asheri, marahaba. Barua yako imezunguka siku kumi na saba kabla ya kunifikia. Jumapili yako imepita na Mzee ameshapanda ndege. Ulikuwa na kalamu, karatasi na stempu ya kumuungamia mwanamke usiyemjua, na mwenye haki ya kusikia alikuwa hapo hapo mjini kwenu. Mkeo alikupa ushauri siku ile ile, ukamwona hajui kitu.

Pole, hata hivyo. Ulikata kwa woga wa njaa, na woga huo miaka ile tuliujua sote. Lakini usivisingizie vibanda vya video. Wewe peke yako ulijua kwa nini watu walikuwa wanasimama, na kitu hicho ndicho ulichokitupa. Tusipojua shati la mtu limeshonwa na nani, akipigwa tunaona makonde tu, na makonde yanachosha upesi. Ulilijua hilo ukakata, ndiyo maana unaumia, na kwa hapo sina dawa. Picha ile imekwenda.

Sijui ulimwambia nini Mzee. Kama ulidanganya au ulitoroka, aibu yako, na kazi ni ile ile. Fungua gunia. Loweka vipande kwenye maji safi, bandua polepole bila kuvuta kwa nguvu, tazama kimoja kimoja dirishani mpaka umpate yule mwanamke na uzi mdomoni. Urefu wa kidole unatosha kumtilia Mzee kwenye bahasha. Ukikosa, umekosa.

Kisha mwandikie Mzee. Anza na kosa lako, mistari miwili, usimlilie. Halafu msimulie ile picha yote tangu mwanzo, usiiruke sindano, na umwambie Mariambai alikuwa anaanza kulia wapi. Yeye alikuwa anatazama picha. Wewe kutoka kile kidirisha chako ulikuwa unawaona wao wawili, na hakuna mwingine aliyebaki wa kumkumbusha. Anwani kaiulize kwa jamaa zake leo hii, na Praxeda aisome barua kabla hujafunga bahasha.

Na mimi usiniandikie tena mpaka hiyo ya kwake iwe imeshaingia posta.