Kipande cha Katikati

Lusangi, tarehe 11 Februari 2024

Mutoto wangu Feza,

Salamu nyingi toka kwetu, mimi baba yako na majirani wote wanaokuulizia. Mwili uko salama, miguu peke yake ndiyo imegoma. Na wewe je, baridi ya huko imepungua? Unapika, ao bado unakula mikate tu?

Huu ni mwaka wa tatu niko hapa Lusangi, tangu mama yako Hidaya alipofariki na mimi nikafunga duka la Kasongo, na bado ulimaji haujanizoea. Unajua vile babu yako aligawa shamba. Kusudi asimuonee mutu, kila mumoja wetu watatu, mimi, baba yako mudogo Djamali na shangazi yako, alipata kipande kando ya barabara, kipande cha kilimani na kipande kule bondeni kwenye mupunga. Ni haki, sikatai, lakini haki hiyo inanimaliza miguu. Asubuhi niko kwenye karanga barabarani, kisha napanda kilima kuona muhogo, kisha nateremka bondeni kufukuza ndege. Kila mahali naanza upya: mupaka uko wapi, nani amesogeza muti, mbuzi wa nani ameingia. Nikirudi, goti halikunjiki hata kwa swala.

Deborah angali analima kile kipande chake kilimani. Ni yule mama aliyetoka Salamabila, mume wake alipofunikwa na udongo shimoni kwenye dhahabu, na mama yako, wakati analima hapa, akamukatia hatua themanini katikati ya muhogo wetu. Alimupa kwa mudomo tu, bila karatasi. Kila mavuno ananiletea kikapu cha kwanza, vile alivyokuwa anamuletea marehemu. Akiniona nafika juu nikihema, ananipa maji na kigoda. Bila yeye kilima ningekiacha zamani.

Sasa niambie vizuri kazi yako. Watu wananiuliza, nami nasema tu kompyuta, wanaitika tu kwa adabu. Barua hii naipa mwenye pikipiki. Placide, mwenye duka kule Kasongo, ataipiga picha na kukutumia rezo ya simu ikikubali.

Ni mimi baba yako,
Ayoubu


Lyon, 3 Machi 2024

Baba mpendwa,

Assalam aleikum. Nimefurahi kusikia u mzima, na miguu nimeisikitikia sana. Mimi sijambo, ila nimechoka, sitakuficha. Natoka nyumbani giza, narudi giza, na kazi haijaisha.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, programu inayotawala nyingine zote. Programu ikihitaji nafasi ya kumbukumbu, kiini kinaigawia kurasa, vipande vidogo vya kipimo kimoja. Kwa kila ukurasa kinaandika mstari kwenye daftari lake: anwani hii inakwenda kwenye ukurasa ule. Shida ni kwamba hata kurasa elfu moja zikiwa zimelala zikigusana, kiini chetu kinaandika mmoja mmoja, na kila mara kinafungua daftari tangu jalada kutafuta mahali pa kuandika. Mimi nimepewa kukifundisha kutambua kurasa zinazogusana, kiziandike zote kwa mara moja.

Niliposoma habari za miguu yako nilicheka peke yangu ndani ya tramu. Babu amekufanya kiini, baba. Kila kipande unakianza upya. Kwa nini msibadilishane? Wewe uchukue barabara yote, baba mdogo Djamali achukue kilima chote, shangazi bonde lote. Kila mtu mahali pamoja, mpaka mmoja wa kukagua. Pima tu hatua kutoka mti wa kwanza wa mpaka hadi wa mwisho, kila mahali, kwa kufuata karatasi ya babu. Yaliyo katikati usijichoshe nayo. Hatua zikikaribiana, hamna haja ya kunisubiri.

Wasalimie wote. Nakubusu mikono.

Binti yako,
Feza


Lusangi, tarehe 2 Aprili 2024

Mutoto wangu Feza,

Salamu za Ramadhani. Mufungo unakwenda vizuri, jua ni kali lakini tumezoea. Natumaini na wewe unafunga, na kama kazi inakuzuia, Mungu anajua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kiswahili chako kimekuwa kama cha redio, lakini nimeelewa. Nimepima kama ulivyosema. Barabara hatua mia saba na kumi, kilima mia saba na ishirini, bonde mia saba kasoro. Djamali amefurahi, maana yeye anapenda muhogo. Shangazi yako alisita, nikamuambia kwamba hiyo ndiyo kazi mutoto wangu anayofanya Ulaya, akakubali. Baada ya Idi tutatia kidole kwenye karatasi mbele ya shefu wa kijiji.

Kuhusu Deborah hukusema kitu. Basi najua umeshamuhesabu, wewe umesoma.

Miguu iko vilevile. Tuombeane.

Ni mimi baba yako,
Ayoubu


Lyon, 21 Mei 2024

Baba,

Salamu, na pole na kimya changu. Natumaini Idi ilikuwa njema na hujaugua. Naandika haraka, naomba Placide aipeleke hii leo leo.

Kazi yetu nayo inafanyika kwa barua. Unatuma badiliko lako, na wakaguzi wanajibu mbele ya watu wote. Badiliko langu lilikuwa la kasi, wakubwa wakanisifu. Siku ya tatu mashine ya majaribio ikafa, kwa sababu programu moja ilikuwa inaandika ndani ya ukurasa wa nyingine. Mkaguzi mmoja, mzee ambaye sijawahi kumwona uso, akanijibu mistari miwili: "Umeangalia ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Nani amekuambia wa katikati ni wako?"

Ni kweli, baba. Ili kuokoa muda nilikuwa napima umbali kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Ukilingana na idadi, nasema zinagusana zote. Kumbe ndani ya orodha ukurasa mmoja unaweza kuwa umetolewa mahali pengine kabisa, na ule uliolala pale katikati una mwenyewe.

Nikafungua barua zako. Nitakuambia jambo la aibu. Barua zako nasoma salamu, nasoma mwisho, nijue kama mko hai, na katikati napitisha macho tu. Ni uchovu, lakini uchovu si sababu. Safari hii nimesoma neno kwa neno. Karatasi ya babu haimjui Deborah. Kilima chote kikienda kwa baba mdogo Djamali, na hatua zake themanini zimekwenda. Tafadhali usitie kidole. Simamisha kila kitu mpaka yeye awe ameandikwa.

Binti yako,
Feza


Lusangi, tarehe 30 Juni 2024

Mutoto wangu Feza,

Salamu. Sisi tuko, tunashukuru. Barua yako imenifikia jana. Daraja lilikatika mwezi wa tano, pikipiki zikakaa ng'ambo wiki nne.

Kidole tulitia siku kumi baada ya Idi. Djamali alingoja kidogo, kisha akamuambia Deborah atoke kilimani, anataka kulima yote kwa mara moja. Nilikwenda kumuona ndugu yangu. Djamali si mutu mubaya. Alinionyesha karatasi yenye muhuri, akaniambia, yaya, kaka yangu, siku ile mbele ya shefu hukutaja mutu. Na ni kweli sikutaja. Nilisimama pale, jina la Deborah liko kwenye ulimi, nikajiambia Feza ameshaona, mimi muzee nisiharibu hesabu ya mutoto.

Deborah hakugombana na mutu. Aling'oa muhogo wake wote, mwingine ungali mwembamba kama kidole. Kisha akaja mulangoni kwangu na kikapu cha kwanza, kama desturi. Nilimuambia arudi nacho, ana watoto watatu. Akanijibu, "Hiki ni cha Mama Hidaya. Wewe huwezi kukikataa." Akakiweka chini, akaenda. Sasa yeye na watoto wanalimia watu kwa siku, huku na huku.

Kikapu kile kilikaa jikoni mpaka kikaoza. Sikuweza kukila, sikuweza kukitupa.

Miguu imepumzika, ulisema kweli. Nakaa barabarani mahali pamoja, asubuhi mpaka jioni. Lakini nimechoka kuliko wakati ule nilipokuwa napanda.

Ni mimi baba yako,
Ayoubu


Lyon, 19 Julai 2024

Baba mpendwa,

Assalam aleikum. Afya yangu ni nzuri, usihangaike. Moyo ndio umelemewa tangu nisome habari ya kikapu.

Kosa ni langu, si lako. Wewe uliniambia mara mbili. Mama alimpa yule mtu ardhi kwa neno lake, nami nimeifuta nikiwa nimekaa kwenye kiti, mbali, bila kunyanyua jembe. Naona haya hata kutaja jina la mama.

Badiliko langu nimeliandika upya. Sasa kiini kinauliza kila ukurasa kama kweli unagusana na uliotangulia. Ukipatikana mmoja usiogusa, kinasimama hapo, kinaandika zilizopita, kinaanza upya. Kasi imepungua kidogo. Yule mzee amejibu neno moja, kwamba amekubali.

Nakuomba hivi. Kwenye ardhi ya barabarani kuna sehemu itakayokuwa yangu siku moja. Kata humo hatua themanini, umpe Deborah, na safari hii iwe kwa karatasi, jina lake na muhuri. Usinipunguzie hata hatua moja kwa huruma.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Feza


Lusangi, tarehe 29 Desemba 2024

Mutoto wangu Feza,

Salamu nyingi, na unisamehe miezi mitano bila kukujibu. Nilitaka kwanza karanga zitoke udongoni, kusudi nikuandikie jambo lililokwisha. Mupunga wa shangazi yako umekuwa muzuri. Mimi nakula, nalala.

Barua yako ya Julai ilinikuta nimeshakata. Siku kumi na mbili kabla haijafika nilimuita shefu, tukapima pamoja, na Deborah akishika kamba. Yeye aliomba pembeni, kwenye mawe, asitusumbue. Nilikataa, nikamupa katikati, pale udongo mweusi. Karatasi iko na jina lake, anaiweka ndani ya Biblia yake. Kwa hiyo shamba langu limekuwa tena vipande viwili, na mimi navuka kwake mara nne kwa siku. Kigoda kiko pale.

Sasa neno hili nimeliweka hapa kwa makusudi, nione kama unasoma. Muguu wa kushoto umevimba tangu mwezi wa kumi, na kilo moja ya karanga siinui. Deborah ndiye ananifulia. Kikapu cha kwanza alikileta juzi, nikanyoosha mikono, akakirudisha kifuani kwake. Barua yako nilimusomea, na amesema aliyemupa ardhi safari hii ni Feza, basi kikapu ni cha Feza, na hamupi mutu mwingine kwa niaba. Kimefunikwa nyumbani kwake. Nilimuambia uko mbali, akasema atangoja. Lakini karanga mwisho mwezi wa tatu, kisha wadudu. Nimechoka, mama. Njoo.

Daraja wamelitengeneza. Placide ameongeza chumba kwenye duka lake. Djamali anakusalimia sana, anauliza kama ile mashine yako iliyokufa ilipona.

Ni mimi baba yako,
Ayoubu