Nilisema Kompyuta Haikosei

Shikamoo Mama Mshauri, naomba unisaidie, hata kalamu naishika kwa aibu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Musoma, na mwaka jana, 1998, nilitengeneza programu ya kutuma na kupokea barua pepe, si ya ofisi moja bali ya kuchomekwa ndani ya programu yoyote, iwe ya shule, ya zahanati au ya misheni, ili fundi mwingine asianze upya, watu wakanisifu nikavimba kichwa, ofisi tatu zikaichukua, Musoma, Kiabakari na Bunda, kumbe nilikosea mpangilio: inaiambia mashine ya Mwanza inayotutunzia barua zetu "nimepokea, futa" kabla haijahifadhi barua kwenye diski, na umeme wetu unaujua, ukikatika hapo katikati barua imepotea huku kwetu na kule Mwanza.

Mwezi uliopita ilipotea barua ya daktari wa macho ya kutaja siku ya kuja kutibu, akafika Bunda asikute mgonjwa hata mmoja, akaondoka, na mkuu wa ofisi ya huko, Mzee Machage, akamlaumu karani wake Dafroza kwamba ameikalia barua. Dafroza akalia, "Mzee, mimi kila barua naandikaga kwenye daftari, hiyo sijaiona." Mzee akanigeukia mimi niliyeitwa kuikagua mashine, "Fundi, mashine inaweza kula barua?" Kosa nilikuwa nimeshaliona siku mbili kabla, lakini nikajibu kompyuta haikosei, Dafroza akasimamishwa kazi, na juzi tumekutana sokoni akanisalimia kwa heshima zote, nikatamani ardhi inimeze. Mwisho wa mwezi kamati inakaa kumfukuza. Nikisema ukweli, nani atanipa kazi tena?

Fundi, Musoma

JIBU

Pole nakupa, lakini nusu. Mtu anayetaka kitu kimoja kifae kila ofisi lazima akosee mahali, hapo sikulaumu. Nakulaumu kwa lile jibu lako. Na wale wagonjwa wa macho waliokosa matibabu mbona huwataji, au aibu yako imejaza nyumba nzima?

Sasa funga gazeti, panda basi uende Bunda. Mwombe Mzee Machage amwite Dafroza, useme mbele ya walewale waliokusikia. Usianze na umeme, anza na "nilidanganya". Ofisi zote tatu uziambie zisipokee barua mpaka ubadilishe: programu ihifadhi kwanza, ihakikishe, ndipo iseme futa. Halafu mwandikie daktari kwa jina lako, umwombe arudi.

Unauliza nani atakupa kazi. Sijui, mwanangu. Dafroza naye anajiuliza hivyo hivyo kila asubuhi, na yeye hakukosea kitu.